Sauti za Wazee Zisipotee: Jinsi ya Kuunganisha Mashine ya Kurekodi CD Nyumbani

Katika nyumba nyingi kati ya Kitale na Bungoma kuna kopo la biskuti au sanduku la chuma juu ya kabati. Ndani yake mna kaseti. Lebo zimefifia, lakini bado maneno yanasomeka: "Matanga ya Kuka", "Tohara, Agosti 1988", "Harusi ya Chwele". Redio iliyokuwa ikizicheza iliharibika zamani, na watoto wa nyumba hawajawahi kusikia kilichomo.

Huenda kaseti moja kati ya hizo ndiyo mahali pekee duniani ambapo sauti ya babu au nyanya bado ipo. Siku utepe wake utakapokatika au kushikwa na ukungu, sauti hiyo itakuwa imekwenda naye kaburini.

Somo hili linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuunganisha mashine ya kurekodi CD na seti yake ya muziki, na kuhamisha kaseti au santuri hadi kwenye diski. Hakuna haja ya kuwa fundi. Kinachohitajika ni uvumilivu, waya sahihi na kufuata mpangilio.

KWA NINI KAZI HII ISINGOJE

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma unaoshika sumaku. Sauti huhifadhiwa kama alama za sumaku kwenye unga huo. Kadiri miaka inavyopita, gundi inayoushikilia unga hulegea, utepe hujikunja, na alama hufifia. Kaseti iliyorekodiwa katikati ya miaka ya 1980 sasa ina takriban miaka 40.

Hali ya hewa ya huku haisaidii. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na msimu wa mvua ni mrefu. Unyevu huleta ukungu mweupe kwenye utepe. Moshi wa jikoni na joto la chini ya mabati navyo huongeza madhara.

Mfano wa karibu unaonyesha faida ya kuhifadhi. Mwaka 1950, mrekodi Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis na kurekodi wasichana wakiimba wimbo unaojulikana kama "Chemirocha". Rekodi hiyo ilihifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baadaye, nakala zilirudishwa kwa jamii yenyewe. Kama hazingehifadhiwa na kunakiliwa, hakungekuwa na cha kurudisha.

Familia nyingi za Trans Nzoia na Bungoma hazikutembelewa na mrekodi yeyote kutoka nje. Zilijirekodi zenyewe kwa redio kaseti: mwimbaji wa litungu, mzee akiswala kumuse baada ya mazishi, vijana wakipiga chinyimba katika mwaka wa tohara, kwaya ya kanisa, nyimbo za Wasabaoti kutoka mteremko wa Mlima Elgon. Basi jukumu la kuzihifadhi rekodi hizo liko mikononi mwa familia hizo hizo.

VIFAA UNAVYOHITAJI

1. Mashine ya kurekodi CD ya nyumbani. Hii si sawa na CD pleya ya kawaida, ambayo husoma tu. Mashine ya kurekodi ina kitufe kilichoandikwa REC na kingine kilichoandikwa FINALIZE. Mashine hizi zilienea majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo hupatikana zaidi zikiwa mitumba. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji airekodi diski mbele yako, aifunge, kisha aicheze kwenye mashine nyingine.

2. Kifaa cha kuchezea kaseti kilicho katika hali nzuri, au gramafoni kama una santuri.

3. Amplifaya na spika zake, kama unazo. Si lazima.

4. Jozi mbili za waya za RCA, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Kama kifaa chako ni redio kaseti yenye tundu la visikizi pekee, nunua waya wenye kichwa kidogo cha visikizi upande mmoja, na vichwa viwili vya RCA upande wa pili.

5. Diski tupu. Mashine nyingi za kurekodi za nyumbani hukubali tu diski zilizoandikwa "Digital Audio" au "For Music Use Only". Ukiweka diski za kawaida za kompyuta, mashine itazikataa hata kama ni nzima. Wengi hudhani mashine imeharibika, kumbe ni diski tu.

6. Diski moja ya CD-RW ya muziki kwa ajili ya mazoezi. CD-R huandikwa mara moja tu, lakini CD-RW inaweza kufutwa na kutumiwa tena.

7. Pamba, spiriti safi aina ya isopropili, daftari na kalamu.

Angalia umeme pia. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine ya mitumba kutoka Marekani huwa imeandikwa volti 120, na ya Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua mara hiyo hiyo. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Kama volti hazilingani, tumia kipunguza volti kinachofaa au uachane na mashine hiyo.

KUIJUA MASHINE KWA NYUMA

Geuza mashine utazame nyuma. Utaona matundu ya aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya analogi: matundu mawili yaliyoandikwa IN na mawili yaliyoandikwa OUT. Jekundu ni la sauti ya kulia, jeupe au jeusi ni la kushoto. Kaseti na santuri zote hupitia hapa.

Aina ya pili ni ya dijitali, yameandikwa DIGITAL au OPTICAL. Haya ni ya kuunganisha mashine na CD pleya au kifaa kingine cha dijitali. Kwa kazi ya kaseti, yaache kama yalivyo.

Kanuni moja ukiikumbuka, hutapotea: sauti hutoka OUT na kuingia IN. Waya wowote unaounganisha OUT na OUT, au IN na IN, umekosewa.

NJIA YA KWANZA: MOJA KWA MOJA

Njia hii ndiyo rahisi, na inamfaa mtu asiye na amplifaya kubwa.

1. Zima kila kitu na uchomoe plagi ukutani.
2. Chukua jozi ya kwanza ya waya. Unganisha LINE OUT ya kifaa cha kaseti na ANALOG IN ya mashine ya kurekodi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe.
3. Kama una amplifaya, chukua jozi ya pili. Unganisha ANALOG OUT ya mashine na tundu la AUX la amplifaya ili usikie kinachorekodiwa.
4. Kama huna amplifaya, sikiliza kwa visikizi kwenye tundu la mbele la mashine.

Kama una redio kaseti yenye tundu la visikizi tu, waya utoke hapo uingie ANALOG IN. Anza na sauti ya chini kabisa, kisha uipandishe polepole. Zima kitufe cha kuongeza besi. Rekodi sauti kama ilivyo. Mapambo yanaweza kuongezwa baadaye, lakini sauti iliyoharibiwa wakati wa kurekodi haitengenezeki.

NJIA YA PILI: KUPITIA AMPLIFAYA

Njia hii humfaa mwenye seti kamili, hasa kama ana kaseti na santuri pia. Hahitaji kuhamisha waya kila mara.

1. Zima kila kitu.
2. Unganisha LINE OUT ya kifaa cha kaseti na AUX, au TAPE 1 IN, ya amplifaya.
3. Tafuta matundu ya amplifaya yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT. Kama yako mawili, tumia ya TAPE 2. Yaunganishe na ANALOG IN ya mashine ya kurekodi.
4. Unganisha ANALOG OUT ya mashine na TAPE 2 IN ya amplifaya.
5. Washa. Geuza kichaguzi cha amplifaya kwenye kifaa kinachocheza, yaani kaseti. Kiache hapo hadi kazi iishe.

Katika amplifaya nyingi, kitufe cha sauti cha amplifaya hakibadilishi kiwango kinachokwenda REC OUT. Unaweza kupunguza sauti ya spika mtoto akilala, na diski ikarekodiwa vilevile. Ubaya ni kwamba ukisahau jambo hilo, utageuza kitufe hicho ukidhani unapandisha sauti ya rekodi. Kiwango cha kurekodi huwekwa kwenye mashine yenyewe, kwa kitufe cha REC LEVEL.

ONYO: Usiunganishe kamwe nyaya za spika na tundu la IN la mashine ya kurekodi. Umeme wa kuendesha spika ni mkubwa kuliko uwezo wa tundu hilo, na utaiunguza mashine.

WENYE SANTURI

Gramafoni hutoa sauti dhaifu sana. Iunganishe na tundu lililoandikwa PHONO la amplifaya, kisha sauti itoke REC OUT kwenda kwenye mashine. Ukiiunganisha moja kwa moja na mashine, utasikia sauti ndogo isiyo na besi, isipokuwa kama gramafoni ina kikuza sauti ndani yake.

Gramafoni nyingi zina waya mmoja mwembamba wa ziada. Huo ni wa kuondoa mngurumo. Ufunge kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND.

KUANDAA KASETI

Kabla ya kucheza kaseti iliyolala miaka 20, ikague kwa macho. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiicheze. Ukungu huo utahamia kwenye mashine, na kutoka hapo hadi kaseti zako nyingine. Itenge kwenye mfuko wake, umpelekee fundi anayeifahamu kazi hiyo.

Kama ni safi, fanya yafuatayo:

Vunja vidole viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, kama bado vipo. Hivyo ndivyo huruhusu kurekodi juu yake. Vikiondoka, hakuna atakayebonyeza REC kimakosa na kumfuta babu.

Peleka utepe mbele hadi mwisho, kisha urudishe mwanzo. Hii huulegeza utepe ulioshikana.

Safisha kichwa cha kusomea na kigurudumu cha mpira. Tumia pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, uache pakauke. Rudia kila baada ya kaseti chache. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, ujue ni unga wa utepe unaobanduka.

Tazama urefu pia. C60 ina dakika 30 kila upande, jumla dakika 60. Hiyo inaingia kwenye CD moja, kwani diski huchukua dakika 74 au 80. C90 ina dakika 90, nayo haiingii. Tumia diski mbili, upande mmoja kwa kila diski, ili mzee asikatwe katikati ya sentensi. C120 ina utepe mwembamba sana unaokatika upesi, hivyo usiipeleke mbele na nyuma ovyo.

KUREKODI, HATUA KWA HATUA

1. Chagua wakati. Msimu wa mvua, radi na kukatika kwa stima huja zaidi alasiri. Rekodi asubuhi. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandikwa, diski hiyo huenda ikaharibika. Kaseti itabaki salama.

2. Weka diski tupu. Ishike kwa kingo na usiguse upande unaong'aa. Subiri mashine iisome.

3. Chagua ANALOG kwenye kitufe cha INPUT.

4. Bonyeza REC. Mashine nyingi husimama kwanza zikingoja, bila kuanza kuandika. Huu ndio wakati wa kupima sauti.

5. Cheza sehemu yenye kelele nyingi zaidi katika kaseti: vigelegele, filimbi, mlio wa chinyimba. Tazama mistari ya sauti kwenye kioo cha mashine. Geuza REC LEVEL hadi mistari ikaribie alama ya 0 bila kuigusa. Kwenye kaseti, kupita kiasi kidogo kulisameheka. Kwenye CD hakusameheki: mashine hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na ikizidi uwezo wake, sauti hukatwa na kukwaruza.

6. Rudisha kaseti mwanzo. Bonyeza PLAY ya mashine ili ianze kuandika, kisha ucheze kaseti.

7. Kaa hapo hapo. Saa moja ya kaseti huchukua saa moja kamili kurekodi. Andika kwenye daftari unachosikia: dakika ya 4, Kuka anataja ukoo, dakika ya 17, wimbo unaanza.

8. Kitufe cha TRACK hugawanya diski katika vipande, hadi 99. Mashine nyingi zinaweza kugawa zenyewe zikisikia kimya. Zima hali hiyo kwa rekodi za mazungumzo, la sivyo kila mzee akinyamaza kuvuta pumzi, mashine itaanza kipande kipya. Gawanya kwa mkono.

9. Upande ukiisha, bonyeza STOP. Mashine itaandika kwa muda mfupi. Usizime wala kutoa diski hadi imalize.

10. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kuendelea.

KUIFUNGA DISKI

Hapa ndipo wengi hukwama. Diski iliyorekodiwa huchezeka kwenye mashine iliyoirekodi, lakini CD pleya ya jirani haiioni. Sababu ni kwamba haijafungwa. Kufunga maana yake ni kuandika orodha ya yaliyomo mwanzoni mwa diski ili mashine nyingine ziweze kuisoma.

Bonyeza FINALIZE, kisha uthibitishe kama mashine inavyoelekeza. Kazi huchukua dakika chache. Usiguse chochote wala usizime umeme. Baada ya hapo huwezi kuongeza kitu kwenye CD-R hiyo, kwa hiyo hakikisha umemaliza.

MATATIZO YA KAWAIDA

Mngurumo usiokoma: Mara nyingi husababishwa na vifaa kuchomekwa kwenye soketi tofauti. Chomeka vyote kwenye ubao mmoja wa soketi, na utenge waya za sauti na waya za umeme. Usikate wala kuondoa pini ya ethi ya plagi. Pini hiyo hulinda maisha.

Sauti upande mmoja tu: Badilisha waya nyekundu na nyeupe mwisho mmoja. Tatizo likihamia upande wa pili, kosa liko kwenye kifaa cha kaseti. Lisipohama, kosa liko baada ya hapo. Rudia kwa waya nyingine kabla ya kumwita fundi.

Sauti ya kuvuma inayozidi kukua: Umechagua tundu la mashine ya kurekodi kwenye amplifaya wakati inarekodi, na sauti inazunguka bila kutoka. Rudisha kichaguzi kwenye kaseti.

Sauti nzito isiyo na ukali: Kichwa ni kichafu, au kitufe cha Dolby kimewashwa kwa kaseti isiyorekodiwa hivyo. Safisha, kisha uzime Dolby.

Mashine inakataa kunakili CD iliyonakiliwa: Mashine za nyumbani zina kizuizi cha kunakili nakala kwa njia ya dijitali. Pitia matundu ya analogi ikiwa rekodi ni mali ya familia yako.

KUANDIKA LEBO NA KUTUNZA

Andika upande wa juu wa diski kwa kalamu laini ya wino wa maji. Kalamu ya kawaida hukwaruza, na karatasi ya gundi hubanduka na kuharibu diski. Andika namba tu, kwa mfano "Na. 7", kisha maelezo yote yaandikwe kwenye daftari: nani anazungumza, ni wapi, tarehe, lugha gani, na nani alirekodi.

Kazi ya daftari ifanywe pamoja na wazee waliobaki. Shangazi mwenye miaka 80 anaweza kutambua sauti ambayo hakuna mwingine anayeijua. Akiondoka bila kuulizwa, familia itabaki na sauti isiyo na jina.

Usitupe kaseti baada ya kunakili. Ifunge mahali pakavu, mbali na spika, jiko na dirisha la jua.

CD NAYO SI YA MILELE

CD-R hutumia rangi maalumu inayochomwa na mwanga wa leza. Jua na joto huiharibu. Isitoshe, kompyuta na magari mengi mapya hayana tena mahali pa kuweka CD. Kwa hiyo diski iwe kituo kimoja cha safari.

Mwombe kijana mwenye kompyuta yenye tundu la CD aihamishe sauti hadi kwenye faili za WAV. Saa moja huchukua takriban megabaiti 635, hivyo flashi ya gigabaiti 32 inatosha saa kama 50. Asiyepata mashine ya kurekodi CD anaweza kuunganisha kaseti na kompyuta moja kwa moja kwenye tundu la LINE IN, na kutumia programu ya bure kama Audacity. Kanuni za waya, kiwango cha sauti na usafi ni zile zile.

Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Familia iliyo Kitale ipeleke nakala kwa ndugu walio Bungoma, na wa Bungoma walete yao Kitale. Moto ukizuka upande mmoja, sauti itabaki upande wa pili.

SHERIA NA HESHIMA

Rekodi za familia ni tofauti na muziki wa kuuza. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi za wanamuziki, na kunakili albamu ya msanii ili kuiuza ni kosa. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na utamaduni nayo inalinda haki za jamii juu ya nyimbo na desturi zao. Mtu akija kununua kaseti zenu za tohara ili azitoe kibiashara, ulizeni ushauri kabla ya kukubali.

Iko pia heshima isiyoandikwa. Baadhi ya maneno ya tohara hayasemwi mbele ya kila mtu. Baadhi ya maneno ya matanga yalisemwa kwa uchungu na yanataja watu walio hai. Kabla ya kusambaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, wakalisheni wazee chini na muwaulize.

Chini ya Katiba ya 2010, shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho ya kaunti ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi mwenye rekodi anazodhani zina thamani kwa jamii nzima anaweza kuzungumza na afisa wa utamaduni wa kaunti yake. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kama Makumbusho ya Kitaifa ya Magharibi mwa Kenya, yalianza na mkusanyiko wa mtu mmoja aliyeweka vitu vyake vizuri. Kopo la kaseti nalo ni mkusanyiko.

ANZA NA IPI?

Tuseme nyumba ina kaseti 40 za C60. Ukirekodi mbili kila Jumamosi, kazi itachukua Jumamosi 20, yaani takriban miezi mitano. Huenda baadhi ya kaseti zisifike mwisho wa muda huo zikiwa nzima. Ndiyo maana usianze na iliyo juu ya kopo.

Zipange hivi:

Kwanza, sauti za waliofariki ambazo hazina nakala popote.
Pili, wazee walio hai wakisimulia ukoo, mashamba na safari za familia.
Tatu, sherehe: tohara, harusi, ibada.
Mwisho, muziki wa redio na albamu ambazo wengine pia wanazo.

Kabla ya kugusa ya kwanza, fanya mazoezi kwa kaseti isiyo na maana na diski ya CD-RW. Kosea hapo mara mbili au tatu hadi mikono izoee.

JIPIME KABLA YA KUBONYEZA REC

Je, volti za mashine ni 240?
Je, waya unatoka OUT na kuingia IN?
Je, diski ni ya muziki?
Je, vidole vya kaseti vimevunjwa?
Je, kichwa kimesafishwa?
Je, umepima sauti kwenye sehemu yenye kelele zaidi?
Je, hali ya hewa ni tulivu?
Je, daftari liko wazi na kalamu inaandika?

Kama majibu yote ni ndiyo, ita watoto waketi karibu. Wengi wao watakuwa wakisikia sauti ya babu yao kwa mara ya kwanza.